Gia Imeingia Siyo: Dalili, Chanzo na Vipimo vya Injini ya Gari la Spoti Baada ya Kukosea Gia

Kompyuta ya gari ina kikomo cha mizunguko. Mshale ukifika kwenye mstari mwekundu, inakata mafuta au cheche na injini inakataa kupanda zaidi. Kikomo hicho hakina msaada wowote ukikosea gia wakati wa kushusha, au ukitaka ya 4 ikaingia ya 2. Hapo injini haizungushwi na mafuta. Inazungushwa na matairi kupitia difu, giaboksi na klachi, na kompyuta haina cha kukata. Uzito wote wa gari linalokimbia unaisukuma injini ifikie mizunguko ambayo gia ile inaidai.

Mfano tutakaoutumia hapa ni Honda S2000 ya kwanza, AP1, yenye injini ya F20C ya lita 2.0. Mstari wake mwekundu uko karibu na mizunguko 9,000 kwa dakika, giaboksi ni ya gia sita, na udhaifu wake unajulikana vizuri. Hatua nyingi zinafaa vilevile kwa Altezza RS200, Impreza WRX, Evo, MX-5 au Porsche 911. Vipimo vya namba vya gari lako vitafute kwenye kitabu cha matengenezo cha gari hilo.

Piga hesabu kabla ya kufungua boneti

Unahitaji vitu viwili: mizunguko uliyokuwa nayo wakati unatoa gia, na uwiano wa gia zenyewe. Kwa AP1 uwiano ni 3.133, 2.045, 1.481, 1.161, 0.970 na 0.810, kuanzia gia ya 1 hadi ya 6. Zidisha mizunguko ya mwanzo kwa uwiano wa gia iliyoingia, kisha gawanya kwa uwiano wa gia uliyotoka.

Ulikuwa gia ya 3 kwenye 8,800, ukataka ya 4, ikaingia ya 2: 8,800 × 2.045 ÷ 1.481 = takriban 12,150. Ulikuwa gia ya 4 kwenye 8,500, ukataka ya 5, ikaingia ya 3: takriban 10,840. Ulikuwa gia ya 5 kwenye 7,000 tu, ukashusha kwenda ya 4, ikaingia ya 2: takriban 14,760. Huo wa mwisho ndio mbaya kuliko yote, na ndio unaowashangaza watu, kwa sababu dereva anakumbuka kwamba "sikuwa hata karibu na mstari mwekundu".

Hesabu hii inakupa kilele cha juu kabisa. Kwa kweli klachi huteleza kidogo na matairi ya nyuma huburuzika, kwa hiyo injini huenda haikufika huko kote. Aliyeachia klachi polepole ana nafuu kuliko aliyeiachia ghafla. Lakini usijipe moyo kwa kubahatisha: chukua namba ya hesabu kama ndiyo, halafu vipimo viseme vingine.

Kama hukumbuki mizunguko ila unakumbuka mwendo, tumia mwendo. AP1 yenye tairi za nyuma 225/50 R16 hufika mizunguko 9,000 kwenye takriban kilomita 72 kwa saa gia ya 1, 110 gia ya 2, 152 gia ya 3 na 194 gia ya 4. Gia ya 2 ikiingia ukiwa kwenye 150, umeshajua.

Nguvu zinazovuta vyuma haziongezeki sawasawa na mizunguko. Zinaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 9,000 hadi 12,150 ni ongezeko la asilimia 35 ya mizunguko, lakini mvuto kwenye konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krankshafti, unaongezeka kwa asilimia 82. Kwenye F20C, ambayo pistoni yake inasafiri milimita 84, kila nusu kilo inayopanda na kushuka na pistoni inaivuta konrodi kwa takriban tani 2.4 pistoni inapofika juu kwenye mizunguko 9,000. Kwenye 12,150 inakuwa tani 4.4. Tena mvuto huo huwa mkali zaidi mwisho wa mpigo wa kutoa moshi, wakati hakuna mlipuko juu ya pistoni wa kuupunguza. Mzigo wote unabebwa na bolti mbili za konrodi.

Dakika chache za kwanza

Kanyaga klachi mara moja na uibakize chini. Usikimbilie breki kwa nguvu. Matairi ya nyuma yanaweza kuwa tayari yamejifunga na kuburuzika, na gari linataka kuzunguka, hasa barabara ikiwa na maji. Toa gia, gari likae huru, sogea pembeni, simamisha, zima injini.

Usiiwashe tena "kusikiliza". Valvu iliyopinda kidogo bado inaweza kuokolewa kwa kubadilisha valvu moja. Koleti (kipande kidogo kinachoishikilia valvu kwenye kofia ya springi yake) iliyoanza kutoka, injini ikiwashwa, inaachia valvu nzima idondoke ndani ya silinda, na hapo unaongea habari ya pistoni, silinda hedi na pengine bloku. Kwenye F20C kuta za silinda zimeimarishwa kwa nyuzi ndani ya alumini yenyewe, hakuna silivu (mrija wa ndani wa silinda) ya chuma ya kutoa na kuweka nyingine kirahisi. Bei ya gari la kuvuta ni ndogo kuliko hiyo.

Tazama chini ya gari kama kuna oil. Angalia mkanda wa nje: mizunguko mikubwa huurusha kutoka kwenye puli, na kwenye injini nyingi mkanda huo ndio unaoendesha pampu ya maji. Andika gia, mwendo na mizunguko kabla hujasahau.

Injini inawaka, lakini inamisi na sailensa inayumba

Sailensa hapa ni mizunguko ya injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, na kumisi ni silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni valvu zilizopinda. Mizunguko ikipita uwezo wa springi, valvu inachelewa kurudi kwenye kiti chake, pistoni inapanda na kuikuta bado iko njiani. Kwenye injini kama hii, ambayo valvu na pistoni zinapishana kwa nafasi finyu, kugusana mara moja tu kunatosha kuipinda. Mashine ya dayagnosisi itaonyesha P0300 kwa kumisi kusiko na silinda maalumu, au P0301 hadi P0304 ikitaja silinda. Usifute kodi hizo. Data iliyohifadhiwa pamoja nazo, yaani mizunguko, mwendo na joto la injini wakati wa tukio, inaweza kukusaidia.

Ukipata P0341, ishara ya kamshafti haipatani na ya krankshafti: shuku cheni ya taimingi kuruka jino au tenshena (kikaza cheni) kulegea. Hapo usizungushe injini kwa stata hata kidogo mpaka alama za taimingi zikaguliwe.

Fundi asiye na subira atabadilisha plagi na koili kwanza. Si kosa kubwa, kwa sababu kumisi kunaweza kuanza kwa bahati siku hiyohiyo, lakini plagi uliyoitoa itazame vizuri kabla ya kuitupa. Elektrodi ikiwa imebanwa au porselini imepasuka, kuna kitu kilichoigonga ndani ya silinda.

Kuna sauti mpya

Tofautisha kwa mdundo. Vitu vya juu, yaani kamu, roka na valvu, hugonga mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Vitu vya chini, yaani konrodi na beringi zake, hugonga kila mzunguko. Kwenye sailensa ya mizunguko 850, mlio wa valvu ni kama mara 7 kwa sekunde; wa konrodi ni kama 14, na ni mzito, unatoka chini ya bloku, unasikika zaidi oil ikiwa ya moto na unapoachia mafuta kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000. Mlio wa konrodi ukithibitika, zima. Injini imenoki au inakaribia kunoki, na kila dakika inayowaka inaikwaruza krankshafti.

Mlio mwepesi wa juu unaweza kuwa roka iliyolegea, springi iliyovunjika au valvu isiyofunga. Kwenye injini ambazo shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi ya valvu) hukaa juu ya kikombe cha valvu, shimu inaweza kuruka kabisa na kuacha mlio mkali sana.

S2000 ina mtego wake hapa. Tenshena ya cheni ya taimingi huchoka kwa umri na kutoa mkwaruzo mbele ya injini, mara nyingi kati ya sailensa na mizunguko 3,000. Mlio huo hauhusiani na gia iliyokosewa. Ukisikika kwenye gari ambalo limekosewa gia wiki iliyopita, watu huufukuzia pande zote mbili zisizo sahihi: wengine wanafungua injini bure, wengine wanabadilisha tenshena na kuacha valvu iliyopinda. Tenshena ibadilishe, lakini usiifanye kisingizio cha kutopima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Injini haizunguki, au inazunguka nyepesi mno

Stata ikigonga "tak" na kugoma, toa plagi zote, weka gia huru, na jaribu kuzungusha injini kwa mkono kwa bolti ya puli ya krankshafti, kwa upande ambao injini huzungukia yenyewe. Ukipata kituo kigumu cha chuma kwa chuma, acha. Usirefushe spana ili upate nguvu zaidi.

Ikizunguka, peleka mizunguko miwili kamili ukihisi kila robo. Mizunguko miwili ndiyo inayopitisha silinda zote kwenye kazi zote nne. Kwa upande wa pili, stata ikizungusha haraka kuliko kawaida na kwa mdundo usio sawa, silinda moja au zaidi haina kompresheni. Sikio lililozoea gari hilo linalijua hilo kabla ya geji.

Injini ni nzima, klachi na giaboksi ndivyo vinalalamika

Jambo hili wengi hawalifikirii: unaweza kuharibu gari hata kama hukuachia klachi. Ukiwa kwenye kilomita 150 kwa saa na gia ya 2 ikaingia huku mguu ungali chini, injini inashuka kwenye sailensa, lakini klachi pleti imeunganishwa na giaboksi, na giaboksi inaizungusha kwa zile 12,150. Bitana zake zimeshikiliwa kwa rivetsi. Zikizidiwa, vipande hurushwa nje na kubana kati ya presha pleti na flaiwili. Dalili zake: klachi haikati, gia zinakataa kuingia injini ikiwaka, mtetemo unaoongezeka na mizunguko, harufu ya kuungua. Angalia kwenye kitundu cha ukaguzi cha kengele ya giaboksi kama kuna vumbi jipya au vipande.

Sinkronaiza ya gia ya 2 nayo imelazimishwa kusawazisha tofauti kubwa ya mwendo. Gia ikianza kukwaruza unapopanda kwa kasi, au kuruka nje yenyewe ukiachia mafuta, mwaga oil ya giaboksi. Ungaunga wa rangi ya shaba ni pete za sinkronaiza. Vipande vya chuma vyenye kingo ni meno ya gia.

Hakuna dalili yoyote

Hii ndiyo hali inayohitaji nidhamu kuliko zote. Gari linaenda vizuri, taa haiwaki, na dereva anaamua kwamba amepona. Konrodi zilizovutwa na bolti zilizorefuka hazitoi sauti. Bolti iliyovutwa kupita kikomo chake hairudi urefu wake wa mwanzo; imepoteza sehemu ya nguvu ya kubana, na kila safari ya mizunguko mikubwa inaichosha zaidi mpaka inakatika siku ambayo hakuna aliyekosea gia. Vivyo hivyo kofia ya springi yenye ufa.

Kwa hiyo, kama gari limeshawashwa na linaendeshwa, usipande juu ya mizunguko 4,000 mpaka vipimo viishe. Kwenye AP1 hasa usifike karibu na 6,000, pale kamu kubwa za VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha kamu kwenye mizunguko mikubwa) zinapoingia, kwa sababu hapo valvu zinafunguliwa zaidi na springi zinabanwa zaidi.

Vipimo, kuanzia kisicho na gharama

Anza na kompresheni. Betri iwe imejaa. Toa plagi zote nne, chomoa fyuzi au rilei ya mafuta ili nozeli zisinyunyize, fungua kanyagio la mafuta mpaka mwisho, zungusha mpaka geji isipande tena, kwa kawaida mipigo sita hadi minane. Fanya hivyo kwa kila silinda kwa idadi ileile ya mipigo. Usihangaike sana na namba yenyewe, angalia tofauti. Silinda yenye namba ndogo kuliko zote ikiwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 chini ya yenye namba kubwa kuliko zote, kuna jambo. Mahali unapopimia pia panaathiri namba: Nairobi, kwenye zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, injini ileile inasoma takriban asilimia 18 chini ya Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi. Watu wameuziwa injini "mpya" kwa kutokulijua hili.

Silinda yenye sifuri au karibu na sifuri baada ya gia kukosewa karibu kila mara ni valvu. Kuhakikisha, tia kijiko kimoja cha chai cha oil kwenye tundu la plagi na pima tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, ni valvu.

Kipimo cha kuvuja ni bora zaidi, hata pale kompresheni inapoonekana nzuri, kwa sababu kinakuonyesha valvu ambayo imepinda kidogo tu. Peleka pistoni juu kabisa kwenye mpigo wa kompresheni, ingiza hewa ya psi 100, soma kinachobaki. Chini ya asilimia 10 ya uvujaji ni salama. Zaidi ya 20 si salama. Katikati linganisha silinda na silinda. Sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye egzosi ni valvu ya kutolea, kwenye tundu la kujazia oil ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Pistoni isipokuwa juu kamili, hewa itaizungusha injini, kwa hiyo toa spana kwenye puli kabla ya kufungua hewa.

Kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi siku hizi ni ya bei nafuu na inaunganishwa na simu. Tafuta alama za mwezi mchanga juu ya pistoni, zinazong'aa katikati ya masizi. Alama moja ya zamani iliyofunikwa na masizi ni tukio la zamani. Inayong'aa ni la sasa.

Kisha fungua kifuniko cha tapeti, injini ikiwa baridi. Pima nafasi za valvu zote 16: za kuingiza kwenye F20C ni milimita 0.21 hadi 0.25, za kutolea 0.25 hadi 0.29. Valvu moja yenye nafasi kubwa ghafla kuliko wenzake huenda imepinda: haifungi mpaka mwisho, ncha yake imekaa chini, roka inaachwa hewani. Usiirekebishe ikanyamaza ukadhani umemaliza kazi. Andika namba kwanza.

Mwisho, oil. Mwaga kupitia kitambaa cheupe. Pasua filta kwa kikata filta, si kwa msumeno wa chuma, maana msumeno utajaza filta vumbi lake na hutajua kipi ni cha injini. Kunjua karatasi yake juani. Mng'ao wa shaba au fedha laini ni beringi. Vipande vinavyovutwa na sumaku ni vya chuma, vya alumini havivutwi. Kwenye injini nyingine gia za pampu ya oil zenyewe hupasuka kwa mizunguko ya namna hii, kwa hiyo presha ya oil ipimwe kwa geji ya mkono, si kwa taa ya dashibodi, ambayo huwaka presha ikiwa karibu kuisha.

Kofia za springi za AP1

Kofia za springi upande wa kuingiza kwenye AP1 ndizo zinazojulikana kwa kupata ufa baada ya mizunguko kupita kiasi. Ufa unaanzia kwenye shimo la katikati, koleti zinazama polepole ndani ya kofia, na siku moja zinapita. Valvu inadondoka.

Ukiwa umefungua juu, linganisha koleti za valvu zote kwa tochi na jicho la pembeni. Zote zinapaswa kukaa kwenye kina kimoja. Iliyozama kuliko wenzake ina kofia iliyopasuka hata kama ufa hauonekani. Ufa mwingine hauonekani mpaka kofia itolewe na kupakwa rangi ya kugundua nyufa.

Dawa inayotumika sana ni kufunga kofia za AP2, toleo la baadaye la S2000, ambazo ni imara zaidi, pamoja na koleti zake za AP2. Viwili hivyo ni jozi. Usichanganye kofia za toleo moja na koleti za jingine. Kazi inafanyika bila kutoa silinda hedi: ingiza hewa ya kompresa kwenye silinda ili valvu zisidondoke, au jaza kamba laini kupitia tundu la plagi kisha panda pistoni taratibu iibane dhidi ya valvu. Kwa gari ambalo hesabu yake ilipita 10,000, tungebadilisha kofia zote za kuingiza bila kusubiri kuona ufa. Ni vyuma vidogo, na umeshafungua.

Konrodi: kufungua au kutofungua?

Hapa mafundi hawakubaliani. Msimamo wetu unafuata hesabu na filta. Ikiwa kilele kilikuwa chini ya takriban asilimia 10 juu ya mstari mwekundu, vipimo vyote ni vizuri na filta ni safi, endesha, badilisha oil baada ya kilomita 500 na pasua filta tena. Ikiwa kilele kilipita 11,000, toa sampu (bakuli la oil chini ya injini) na angalau vua kofia za konrodi mbili. Beringi ikiwa imepoteza rangi yake ya juu au ina mikwaruzo ya duara, fungua zote.

Bolti zinazokazwa kwa kuvutwa hazirudishwi. Kila uliyofungua, weka mpya. Pima pia urefu wa zile za zamani ukilinganisha na mpya. Moja iliyorefuka kuliko nyingine inakuambia ni silinda ipi iliyopata mzigo, na hapo konrodi yenyewe ipimwe kama imenyooka na kama jicho lake la chini bado ni duara.

Kwa nini gia ilikosewa

Injini ikirudi bila kujua chanzo, utarudi tena gereji. Kosa la kwanza ni mkono unaobana kijiti kwa ngumi. Kijiti kikiwa huru kina springi inayokirudisha kwenye mstari wa gia za 3 na 4. Ukikibana, unaishinda springi hiyo. Kwa 3 kwenda 4 vuta moja kwa moja nyuma kwa vidole. Kwa 5 kwenda 4, usisukume kushoto hata kidogo. Vuta nyuma hadi katikati, acha springi ikilete, kisha malizia.

Upande wa usukani una maana pia. Kwenye gari la usukani wa kushoto, kama yalivyo magari mengi ya Kongo na Rwanda, mkono wa kulia ukivuta kuelekea mwilini unakipeleka kijiti kushoto, na 3 kwenda 4 inageuka kuwa 2. Kwenye usukani wa kulia wa Kenya, Tanzania na Uganda, kuvuta kuelekea mwilini kunakupeleka kwenye 6, ambako hakuna madhara. Hatari yake iko kwenye kusukuma: 4 kwenda 5 mkono ukinyooka nje unaingia 3, na 5 kwenda 4 ukiusukuma mkono mbali na mwili unaingia 2. Aliyehama upande ajizoeze mwendo ukiwa mdogo.

Kisha chuma. Shikilio za injini na giaboksi zilizochoka zinaruhusu giaboksi kusogea wakati wa kona au kuongeza mafuta, na njia ya gia inahama wakati mkono wako unaenda palepale. Bushi za kijiti zilizolika, springi ya katikati iliyolegea, na kwenye magari ya kebo ncha za plastiki za kebo zilizopanuka: zote zinajulikana kwa kijiti kucheza pembeni zaidi ya ulivyozoea gari likiwa kwenye gia.

Ukinunua gari lililotumika

Karatasi ya mnada wa Japani inakupa daraja la bodi na ndani ya gari. Haisemi kitu kuhusu mizunguko iliyopita kiasi. ECU, yaani kompyuta ya injini, ya S2000 AP1 nayo haina daftari la matukio hayo, kwa hiyo kipimo cha kuvuja na kutazama koleti ndivyo vinavyobaki.

Porsche ni tofauti. Kompyuta ya 911 ya toleo la 997 na ya Boxster na Cayman za toleo la 987 ina ngazi sita za mizunguko iliyozidi, na kwa kila ngazi inahesabu cheche na kuandika saa ya injini ya tukio la mwisho. 911 ya toleo la 996, lililotangulia, ina ngazi mbili. Inasomwa kwa PIWIS ya Porsche au kifaa kama Durametric. Ngazi za chini hujazwa na mtu anayegusa kikomo kwa kuongeza mafuta, na hazitishi. Za juu, 4 hadi 6, hazifikiwi kwa mafuta. Zinafikiwa kwa gia iliyokosewa tu. Injini ya silinda sita inapiga cheche tatu kila mzunguko, yaani 400 kwa sekunde kwenye mizunguko 8,000, kwa hiyo cheche 40 kwenye ngazi ya juu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Tazama saa zilizopita tangu hapo. Tukio la saa 300 zilizopita kwenye injini yenye kipimo kizuri cha kuvuja si sababu ya kukimbia. Tukio la saa 2 zilizopita ni sababu ya kumuuliza muuzaji kwa nini anauza wiki hii.